Mbegu ya heleboro haianikwi

Maneno haya niliyasema Jumapili moja ya Juni katika ukumbi wa mtaa hapa Reading, Uingereza, mbele ya kikundi chetu cha Waswahili tunaolima. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na mahali niliposimamishwa kwa maswali.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameshaitazama saa mara mbili, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Mwaka jana mlinisikia nikizungumzia mchicha na sukuma wiki, mambo ya kula. Leo nimekuja na kitu kisicholiwa. Mezani hapa kuna vyungu vinne, na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa kibichi. Bakuli hilo msiliguse kwanza.

Ua lenyewe linaitwa heleboro. Wengi wenu mmelipita bila kuliona, kwa sababu linachanua Februari, wakati mtu anakwenda kituo cha basi gizani, kichwa kimezama ndani ya kofia. Nalo limeinamisha kichwa vilevile. Waingereza wanaliita waridi la Kwaresima, kwa kuwa huchanua majira hayo. Lipo na jeupe linalowahi, wanaliita waridi la Krismasi, ingawa kwangu halijaiona Krismasi hata mara moja. Linaingia katikati ya Januari, sherehe imekwisha na vyombo vimeoshwa. Yote mawili si waridi na hayana undugu na waridi. Kwao hasa ni milima ya Balkani, Slovenia, Kroatia, Bosnia, Montenegro, mpaka Uturuki na Georgia, na spishi moja peke yake ipo China. Haya tunayoyaona kwenye bustani za watu hapa ni machotara ya spishi kadhaa za huko, na ndiyo nitakayoyasema leo.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Mnayajua yale maua madogo ya zambarau ambayo mabibi wa Kiingereza wanayapanga madirishani? Yametoka kwetu Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali yao pande za Tanga, aliyaona akayapeleka kwao, na mwaka uliofuata yakapewa jina lake, Saintpaulia. Bibi yangu aliyapita miambani maisha yake yote, hakuna aliyemuuliza anayaitaje. Sasa mjukuu wake anakuza ua la Ulaya. Tumelipana.

Niwaambie nilivyoanza, maana nilianza vibaya. Jirani yangu wa kule kwenye viploti vya halmashauri, mama mtu mzima wa Kiingereza, alinikatia kichwa cha mbegu mwezi Juni, akasema neno moja tu, "panda", akarudi kwenye kabichi zake. Sasa mimi nimelelewa vipi? Kwa bibi, mahindi ya mbegu yananing'inizwa darini juu ya meko yakauke kwa moshi. Maharage yanaanikwa jamvini siku tatu, yanapepetwa, yanachanganywa na majivu, yanatiwa kibuyuni mpaka mvua ije. Mbegu mbichi inaoza. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Basi nikazichukua mbegu za yule mama nikazianika kwenye sinia dirishani wiki mbili. Zikakauka vizuri, ukitikisa zinacharaza. Nikazitia kwenye kichupa cha dawa, nikaandika tarehe, nikajiona fundi. Machi nikazipanda, trei mbili.

Aprili, hakuna kitu. Mei, hakuna kitu. Nikanunua pakiti dukani, nikapanda, nayo hakuna kitu. Mwisho wa Mei nikakung'uta udongo wote nyuma ya kibanda cha zana, kwenye rundo la majani, nikamwambia mume wangu kwamba ua hili ni la wenyewe. Januari iliyofuata nimekwenda kuchukua sepetu, nakuta rundo limeota. Miche mia na ushei, majani mawili mawili, imesimama ndani ya sakitu kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi. Nilipiga magoti kwenye tope na sare yangu ya kazini.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu hili likiwaingia mengine yote ni rahisi.

Mbegu ya heleboro inapodondoka haijamaliza kuumbwa. Ukiipasua kwa wembe ukaitazama kwa lenzi, kiini chake ni kidoti tu kwenye ncha, kilichobaki ni akiba ya chakula. Kidoti hicho kinataka kukua kwanza humohumo ndani, na kinakua kwa joto la kiangazi pamoja na unyevu, kwa wiki nyingi. Kikishakua, mbegu inataka baridi, baridi hasa ya nyuzi 4 au 5, ndipo itoe mzizi. Ni joto na maji, halafu baridi na maji. Ukiianika, kazi ya ndani inasimama na mbegu inaingia usingizi mzito. Inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi ndipo ikubali, na nyingine haziamki tena. Mimi nilipopanda Machi niliipa mabaki ya baridi kwanza, joto likaja nyuma. Ni sawa na kuwapa wageni kahawa kwanza, pilau baadaye. Rundo langu ndilo lililowapanga upya: likawapa kiangazi, likawapa na majira ya baridi, wakaota.

Na ukifikiri kule kwao msituni, ina maana. Mbegu inadondoka Juni, majani ya miti yanaifunika, haikauki. Inaota katikati ya baridi wakati miti iko uchi na jua linafika chini. Miti inapovaa tena majani, mche umeshashika.

Sogeeni, niwafungulie kifuko. Huyu wa chungu cha nne ndiye mama. Mnaona haya majani-maua ya kijani yaliyopauka? Yako hapa tangu Februari. Hayakudondoka kwa sababu si petali, ni sepali, yale majani ya nje yanayolifunika ua likiwa chipukizi. Petali zenyewe ziligeuka zamani zikawa vikombe vidogo vya nekta, yale maji matamu ya nyuki, mduara mzima kuzunguka katikati, na vyenyewe ndivyo vilivyoanguka baada ya nyuki kumaliza kazi. Katikati hapa kuna vifuko vinne vimeshikana shina, vimevimba kama maganda ya njegere, kila kimoja na mdomo kama wa ndege. Hiki cha kijani, kigumu, bado. Hiki kimeanza kuwa na rangi ya majani makavu, na mshono wake wa upande wa ndani umeachia. Nakibonyeza hivi kwa kidole gumba... haya. Nyeusi ti, safu mbili, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Na ubavuni mwa kila mbegu kuna hiki kiuzi cheupe kilichovimba. Hicho ni mafuta kweli, na si chetu, ni cha sisimizi. Sisimizi anaibeba mbegu nzima mpaka kwake, anakula mafuta, mbegu anaitupa jalalani mwake. Kwa hiyo heleboro imepata mtu wa kuibeba na shimo lenye mbolea, kwa malipo ya kipande cha mafuta.

Uzuri huo una hasara yake. Kifuko kikiachia, siku moja mbili mbegu zote ziko chini. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na zamu za usiku tatu mfululizo. Niliporudi, vifuko viko wazi kama milango ya nyumba iliyohamwa, na sisimizi wamejipanga mpaka chini ya tofali. Tangu hapo nafunga kila kichwa kwa vile vifuko vyepesi vya wavu tunavyotilia zawadi harusini. Mwenye harusi mwaka huu asivitupe, aniletee.

Hapo mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwanangu, na hayo mafuta ya sisimizi, mtu hawezi kuyala?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuja mahali pake.

Hapana, mzee wangu, na hili ndilo jambo la watoto. Heleboro ni sumu kuanzia mzizi mpaka mbegu. Sumu yake inagusa moyo na inavuruga tumbo. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba mji wa Kirrha, karibu na Delphi, ulipozingirwa, waliouzingira walitia mizizi ya heleboro kwenye maji ya mji, walinzi wakaharisha mpaka wakaacha malango. Iwe kweli au hadithi, waliosimulia waliijua mizizi hiyo. Hata utomvu wake unachoma. Mwaka ule wa kwanza nilimenya bakuli zima la mbegu kwa mikono mitupu huku nikitazama tamthilia, na usiku ncha za vidole zikawa kama nimepukuchua pilipili, siku mbili baadaye ngozi ikabambuka. Hizi glavu si mapambo. Mwenye mtoto anayetambaa, panda mbali na mlango.

Kupanda sasa. Si kazi kubwa. Chungu chenye matundu, mboji ya kawaida iliyochanganywa na changarawe ndogo ili maji yapite. Mbegu moja moja, nafasi ya ukucha wa kidole gumba. Funika kwa mboji kidogo, juu yake tandaza changarawe laini, yote isizidi sentimita moja. Changarawe inazuia kuvu na inazuia mvua kufukua. Mwagilia. Andika jina na tarehe kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu unafutwa na jua kabla ya Septemba na utabaki na kijiti cheupe kisichosema kitu. Weka nje, kivulini, nyuma ya nyumba. Nje, narudia, si jikoni dirishani. Funika kwa wavu wa waya kama una panya, na panya unao.

Halafu ndiyo mtihani. Kuanzia leo mpaka karibu na Krismasi utakuwa unamwagilia chungu cha udongo mtupu. Wengi wanashindwa Agosti. Wanakwenda nyumbani likizo wiki nne, chungu kinakauka kama tofali, wanarudi wanamwagilia kwa toba, na Januari wanasema nimewapa mbegu mbovu. Kama unasafiri, niletee chungu. Msinipigie methali ya subira. Hapa subira peke yake haitoshi, inataka na kopo la maji.

Kati ya Novemba na Januari utaona shingo za kijani zilizokunjika zinatoka kwenye changarawe, halafu zinajinyoosha na kutoa majani mawili marefu ya duara. Hayo ni majani ya utoto. Usiingize ndani ukidhani unawaonea huruma. Theluji ikawafunika, waache, wanalala chali asubuhi na mchana wanasimama. Jani la kwanza la kweli linakuja Machi au Aprili, lenye meno pembeni na vipande vitatu. Likifunguka ndipo unahamisha, kila mmoja chungu chake cha sentimita 9, ukimshika kwa jani, si kwa shina, kwa sababu jani ataota lingine.

Tazameni chungu cha kwanza: huyu alipandwa Juni iliyopita, ana majani matatu. Chungu cha pili: Juni ya kabla ya hiyo, huyu sasa ana haki ya kwenda ardhini, Septemba, chini ya mti unaopukutisha majani, udongo usiotuama maji, usio mchachu. Chungu cha tatu alichanua Februari hii kwa mara ya kwanza. Alipandwa miaka mitatu kamili iliyopita.

Huyu wa tatu nimemleta makusudi, kwa sababu ni mbaya. Picha yake hii hapa, ipitisheni. Rangi ya matope, sivyo? Rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo ikapoa. Na mama yake ni huyuhuyu wa chungu cha nne, ambaye akichanua ni mweusi kama zambarau iliyoiva. Nyuki alitembea kwa jirani. Mbegu ya heleboro haimrudishi mama. Kila mche ni mtu wake. Ndiyo maana mche uliochanua unauzwa bei ya nyama ya wiki nzima: unanunua rangi uliyoiona.

Ukitaka kuchagua ndoa mwenyewe, inawezekana, na ni kazi ya Februari inayonipa raha kuliko zote. Tafuta chipukizi la ua lililovimba, limeonyesha rangi, halijafunguka. Lifungue taratibu kwa vidole. Ndani kuna stameni nyingi, viuzi vya kiume vya chavua, zimejikunja, chavua bado haijatoka, lakini ncha za kike za katikati ziko tayari. Kwa heleboro mwanamke anatangulia. Ng'oa stameni zote kwa kibano. Nenda kwa ua la baba uliyemtaka, lililofunguka siku kadhaa, lenye stameni za unga wa manjano, chukua ule unga kwa brashi ndogo ya rangi za maji, urudi upake. Rudia kesho yake. Funga uzi wa sufu kwenye shina, uzi mwekundu kwa baba mwekundu, mweupe kwa mweupe. Hakuna kingine. Siku ya baridi kali chavua inagoma kutoka, kata ua la baba ulilaze kwenye sahani jikoni saa chache.

Na hizi zenye majani-maua mengi, zinazofanana na sketi ya harusi, mababu zake wakubwa ni miche miwili. Mwaka 1971 Elizabeth Strangman, mama mwenye kitalu huko Kent, alikuta porini Montenegro heleboro mbili zilizojaa, akazipa majina Dido na Aeneas. Sehemu kubwa ya zile zilizojaa zilizokuja baadaye zinarudi kwa hao wawili. Ukimwoza aliyejaa kwa wa kawaida, watoto wa kwanza mara nyingi wanatoka wa kawaida; ukiwaoza hao kwa wenzao ndipo ujazo unarudi. Hesabuni wenyewe: mizunguko miwili ya miaka mitatu. Mimi niko mzunguko wa kwanza, na nina magoti ya miaka 58.

Dada mmoja akauliza nyuki gani anayetoka Februari.

Yule mnene mwenye manyoya, malkia wake anatoka hata siku ya nyuzi 8 akiona jua. Na ngoja nikupe jingine. Wahispania wawili, Carlos Herrera na María Pozo, walichapisha mwaka 2010 kwamba kwenye nekta ya heleboro mojawapo ya mwituni, ile yenye harufu mbaya, kuna chachu inayochachusha sukari, na uchachu huo unalipasha ua joto kuliko hewa ya nje. Aliyewahi kuweka mkono kwenye mtungi wa togwa iliyoumuka anajua joto hilo. Nilipolisikia nilikwenda bustanini nikatia kidole ndani ya ua. Sikuhisi kitu, na kidole kikaniwasha.

Magonjwa nitayapita haraka, muda umekwisha. Desemba kata majani yote ya zamani ardhini, hata kama ni ya kijani. Madoa meusi ya kuvu yanalala humo, na ua likija litaonekana. Ukiona mistari myeusi inafuata mishipa ya majani, mimea ikidumaa, ni virusi, havina dawa, vinabebwa na vidukari. Ng'oa, choma, usilie. Konokono wanapenda miche, wazimulike usiku kwa tochi.

Kaka mmoja akauliza kama anaweza kuzipeleka Arusha. Mbegu kuvuka mpaka inataka cheti cha afya ya mimea, kaka yangu, na hata ukikipata, baridi yetu ya Julai haitoshi kuiamsha. Itabidi uwalaze kwenye friji miezi miwili, na kwenye friji ya Arusha kuna watu watakaofikiri ni viungo. Usipeleke.

Haya, bakuli. Nimezivuna jana jioni na asubuhi hii, bado zina mafuta yake. Kila nyumba mbegu ishirini, ndani ya kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki. Zipandwe leo jua halijazama, mboji mtaipata kwenye gari langu, buti la nyuma limefunguliwa. Mwenye zamu usiku huu asichukue mbegu, aniandikie jina lake kwenye kijiti nimpandie, atakuja kuchukua chungu. Nikisikia mtu ameziweka dirishani zikauke, nitajua ni ndugu yangu wa damu.

Glavu ziko upande wa kushoto. Wazee watangulie.